Kabati la Makosa

Jumapili, Kibuye, jua halijakaza,
Penina wa leso ananiita kwa kidole:
"We mtu wa herufi, njoo uone maajabu."
Anakunjua doti moja, nyekundu na nyeusi,
korosho kwenye pindo, na katikati jina lake,
wino mzito:
WEMA HAUUZI.

Huko kiwandani mtu alisinzia. O ikadondoka,
U ikakaa kitini pake kama mgeni asiyebisha hodi.
"Nilileta arobaini," asema, "zimebaki thelathini na tisa,
na hiyo moja naivaa mimi.
Basi ni kweli. Hauuzi."
Anacheka mpaka mkoba wa pesa unacheza kiunoni.

Nilinunua. Sikuomba apunguze; alipunguza.

Nyumbani Nyalenda nina kabati, mlango wake haufungi.
Humo mna kiberiti chenye twiga wa miguu mitano
(wa tano, nadhani, ni shingo iliyopotea njia),
na koroboi ya bati la mafuta ya kupikia:
fundi alilikata bila kutazama picha,
sasa yule mama wa kwenye bati anapika
kichwa chini, miguu juu,
na ukiwasha, moto unamtoka visiginoni.
Mna saa yenye ngege badala ya mishale,
mdogo anamfukuza mkubwa mchana kutwa,
hajui kwamba atapitwa kila saa.
Na kibao cha kinyozi nilichokitoa Luanda
kwa mia sita na soda. Kichwa kizuri, njia ya nywele imenyooka,
masikio matatu.
Nilimwuliza Fundi Makokha. Akapangusa brashi kwenye suruali:
"La kwanza lilikaa chini mno. Nikachora lingine juu.
Rangi ya kufutia ilikuwa imekwisha.
Na wewe mwenye kompyuta, hujawahi?"

Nimewahi.

Mimi ndimi niliyepanga kurasa za mazishi ya Mzee Amimo,
nakala mia tatu, karatasi ya kung'aa,
picha yake na kofia, na maua pembeni
niliyoyapenda mno hata sikusoma nilichoandika chini yake:
Alizaliwa 2019. Alifariki 1941.
Tuligundua kaburini, Seme, manyunyu yakianguka,
watu wakisoma, wakigeuza karatasi,
wakinitazama nilivyosimama na katoni, wakisoma tena.
Mchungaji alikohoa.
Nikamfuata mjane, Mama Dorsila, ulimi mzito,
nikamwambia nitachapa upya, zote, bure, usiku huu huu.

Aliishika mbali na macho, kama mtu aliyesahau miwani.
"Kwa hiyo," akasema, "ndiyo kwanza amekuja."
Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani.
"Usiguse."

Kazini bado nasoma kila neno mara tatu,
naanzia mwisho kurudi mwanzo,
nachambua herufi kama mchele.
Bosi hana la kusema. Lakini tangu Seme
nikiona kosa la mwenzangu siwezi kulipita,
linaniangalia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Leso ya Penina nimeitundika kabatini, badala ya mlango.
Jana jirani alikuja kuomba chumvi.
Akaisoma kwa sauti, polepole, akatikisa kichwa:
"Hii wamekosea."
Nikampimia chumvi, kikombe kizima.
Hakuuliza bei.