Sanduku Mia Tatu Kumi na Nane

Saa tano usiku, Isevya. Umeme umerudi.
Orodha ya wafuga nyuki wa Sikonge
nimeinakili, nikaipa jina: Nakala.
Nikafuta majina kwenye Nakala, najaribu tu,
na ile ya kwanza ikabaki nyeupe.
Madebe mia mbili ya asali
yakakosa wenyewe.

Nikailaumu kompyuta. Nikamlaumu aliyeniuzia.
Nikachemsha chai ya rangi, nikakaa,
ndipo nikakumbuka posta.

Baba alikuwa na sanduku moja,
kijimlango cha chuma, kutu kwenye bawaba.
Alipochoka kutusikia tukigombania ufunguo, mimi na Mayunga,
akaenda kwa fundi karibu na stesheni, akachonga wa pili.
"Haya. Kila mtu na wake."
Nikautundika shingoni kwa kamba ya kiatu,
nikitembea kama mtu mwenye sanduku.

Barua ya chuo Mayunga aliichukua Jumanne.
Jumatano nikafungua kwa ufunguo wangu,
mzima, haujapinda, ukazunguka bila kukwama.
Ndani, buibui.

Ufunguo ulizaa ufunguo.
Sanduku halikuzaa.

Kumbe jina nililoandika usiku huu si orodha,
ni njia ya kuifikia,
na njia mbili zaweza kuishia mlango mmoja.
Ukitaka nakala, kachonge sanduku jingine,
uandike upya kila barua, moja baada ya moja,
mpaka kidole kiume.
Hakuna njia ya mkato, nimeitafuta.

Upo pia ufunguo usiochongwa meno.
Huo siuogopi, unakuambia mapema: sifungui kitu.
Ninaouogopa ni wetu.

Baba alipofariki, ada haikulipwa,
posta wakampa sanduku mtu mwingine,
kitasa wasikibadilishe.
Mwaka mzima baadaye nikapita, mkono ukaenda wenyewe,
mlango ukafunguka kama zamani:
bili ya maji ya mtu wa Cheyo,
kadi ya harusi, jina nisilolijua.
Nikafunga. Nikaondoka haraka kama mwizi,
na ufunguo ulikuwa wangu.

Nimempigia Mayunga, yuko Mpanda, nimemwamsha.
"Ule wa posta, bado unao?"
"Kwa nini?"
"Unao?"
Kimya. Kitanda kinalia, droo inavutwa.
Kisha, hajasema neno,
nasikia akiutikisa.