Barafu ya Mlango wa Nyuma

Asubuhi barafu yangu ni ya samaki.
Naibeba kutoka kiwandani, baiskeli ikilia,
hadi kwa akina mama wa Kibuye wanaonipunja shilingi kumi
na kuniita mkwe.
Jioni ni ya Apondi.
Hiyo naifunga kando, gunia jipya, ndani ya unga wa mbao,
maana siku ya kwanza aliinusa kama paka akaniambia:
"Zabloni, hii ina kumbukumbu ya ngege."

Baa yake ilikuwa posho mili ya mamake.
Mashine iliuzwa, ukanda ukabaki ukutani,
na mlangoni bado pameandikwa TUNASAGA, herufi za bluu.
Migosi nzima husema twende tukasagwe.
Siku za joto, mabati yakitanuka,
unga wa miaka ile hudondoka toka kwenye boriti,
ukatua juu ya kokteli ya shilingi mia sita.
Mgeni huuliza hiki ni nini,
naye hujibu bila kupepesa: mapambo.

Mimi ni Msabato. Sionji.
Lakini nikichuchumaa na msumeno pale mlango wa nyuma
husikia ukwaju ukichujwa kwa kitambaa,
hunusa sukari nguru ya Muhoroni ikiyeyukia tangawizi,
na ndimu zikibingirishwa kwa kiganja mpaka zikubali.
Aliposema "niletee jini" mara ya kwanza, nilirudi nyuma hatua mbili;
majini niliyosimuliwa utotoni hayakuwa na bei.
Halafu kopo linatikiswa,
na barafu yangu inapiga kelele ambayo sokoni haipigi kamwe.

Wateja nawajua kwa viatu.
Raba nyeupe ni Khadenje, nesi, katoka zamu,
ukwaju mtupu na chumvi, anywe amesimama,
asiseme na mtu mpaka glasi ifike nusu.
Makubazi ya ngozi ni Vadgama wa vipuri:
hulipa deni la juzi, akakopa la leo.
Na vile vyeusi, vilivyopigwa kiwi hadi nyufa zikang'aa,
ni Mwalimu Obiero, hesabu, mstaafu,
mwenye kigoda chake pembeni na rula mfukoni.
Alipima kila bonge nililokata.
"Sentimita tano, Zabloni, si tano kasoro.
Kubwa huyeyuka polepole. Eneo la nje, kijana, eneo la nje!"
Kinywaji kimoja, saa mbili na nusu.
Stima ikipotea, yeye ndiye aliyehesabu gizani, kwa sauti,
mpaka irudi. Rekodi ni elfu nne na kumi na moja.

Alhamisi ile Apondi alipiga simu mchana.
"Leta mabonge mazima. Usikate."
Mangapi?
Akanyamaza.
"Ya kumtosha mtu mmoja mrefu."

Mochari walikuwa wamegoma.
Wanawe, mmoja yuko Doha, mmoja hapatikani.
Tukaenda Seme kwa pikapu, mimi nimekalia barafu,
Khadenje mbele na raba zake,
Vadgama akilipia mafuta, safari hii taslimu.
Maji yalivuja kwenye gunia yakachora mstari barabarani,
jua likaufuta nyuma yetu.
Niliyapanga mwenyewe, ubavuni, miguuni,
makubwa, yamebanana,
eneo la nje dogo kadiri nilivyoweza.

Jumatatu baa ilifunguliwa.
Nikafunguliwa mlango wa mbele.
Apondi akaniuliza nitakunywa nini,
haiwezekani miaka minne mtu alete tu.
Nikasema maji.
Rula ilikuwa imesahauliwa kaunta. Akapima bonge,
tano kamili, akaliweka peke yake kwenye glasi,
akanisogezea. Tukangoja.
Saa mbili na nusu, nadhani. Sikuhesabu.
Yalikuwa baridi, matamu kidogo,
na, sitamdanganya mtu,
kwa mbali sana
yalikuwa na ngege.