Sababu ya Tatu

Karandinga limetushusha Kivukoni saa mbili na robo.
Honi ya pantoni inawaita wa Kigamboni,
mimi naitwa kwa namba, kisha kwa jina:
Shomvi Mwinjuma Pazi, mrufani.
Miaka saba Ukonga, na bado neno hilo
linanibana kama shati la kuazima.

Sababu ya kwanza ilikuwa lakiri ya bahasha.
Ya pili, shahidi namba nne na tarehe zake.
Majaji watatu wamezigeuza huku na huku
kama noti iliyochanika,
wakazirudisha.

Imebaki ya tatu.
Wakili wangu anakohoa, anasimama:
"Waheshimiwa, mrufani alikuwa na sehemu ndogo."

Ndogo.
Alitumwa uwanja wa ndege kupokea begi.
Hakulinunua, hakulijaza, hakupanda ndege maishani.
Aliahidiwa laki na nusu,
akapewa elfu ishirini ya teksi,
na namba iliyompigia haikupatikana tena tangu usiku ule.
Ni kweli yote. Mimi ndiye niliyemwambia.

Lakini nasikia ninavyokunjwa.
Kule Mahakama Kuu mwendesha mashtaka alinivuta pande zote
hadi nikawa jitu, lenye kivuli juu ya watoto wa taifa zima.
Leo wangu ananipiga pasi, ananikunja mara nne:
kijitu, kijitumwa, kijimkono kilichoshika mpini.
Kati ya jitu na kijitu
sijamsikia aliyesema mtu.

Jaji wa katikati anavua miwani.
"Wakili, bila huyu, begi lingetoka uwanjani?"

Kimya.
Na mimi, Mungu anisamehe, jibu ninalo.

Miaka kumi na tisa nilishona mabegi Kariakoo,
kibarazani, Mtaa wa Swahili,
cherehani moja, nta, uzi wa nailoni.
Mteja huleta sanduku la laki nne, zima, magurudumu yanateleza,
halifungi.
Kilichokufa ni kichwa cha zipu,
kitu cha ukubwa wa kokwa ya ukwaju.
Bei yake mia tano.
Bila hicho sanduku zima ni mdomo wazi.

Sikusema.
Nilisema jambo jingine usiku ule, na hilo nalo halimo kwenye jalada:
nilipolinyanyua tu begi, kiganja kilijua.
Bitana ilishonwa upya, mshono wa mtu mwenye haraka,
uzi mweusi juu ya kijivu.
Nikajiambia, si kazi yangu,
mimi ni wa kubeba.
Mke wangu Mwanakombo aliuza cherehani mwaka wa pili.
Hakuniuliza kama sehemu yangu ilikuwa ndogo.
Aliuliza kama nilijua.

"Hukumu itatolewa kwa tarehe mtakayojulishwa."
Wote tunasimama. Viti vinalia.
Wakili wa Serikali anakusanya makaratasi,
anahangaika na mkoba wake:
zipu imeachia, ameibana kwa pini ya nepi.

Askari ananishika kiwiko.
Vidole vyangu, vyenyewe, ndani ya pingu,
tayari vinapima:
koleo dogo, nta kidogo,
dakika tano.