Chupa Mbili

Daktari wa Temeke hakuinua kichwa.
Aliandika, akachana karatasi, akasema:
"Sukari imepanda. Dakika thelathini kila siku.
Zoezi lolote."
Lolote.
Mimi ni fundi cherehani. Najua nguo yoyote
haijawahi kumkaa mtu.

Nilianza na jimu ya Chang'ombe, juu ya duka la rangi.
Wakanipandisha kwenye mkanda unaokimbia,
nikakimbia nusu saa, nikashuka
palepale nilipopandia.
Mbele yangu kioo, na ndani ya kioo mwanamke
ananitazama kama anayenidai.
Nililipa mwezi. Nilikwenda mara nne.

Nikaingia klabu ya jogingi: fulana ya njano, filimbi,
Jumapili, jua halijagusa mabati,
vijana mbele wanaitikia, mimi nyuma na pumzi yangu,
tunaitana, hatuonani.
Goti la kushoto likaomba talaka.
Fulana sasa inapigia deki.

Nikanunua kamba ya kuruka, Kariakoo, elfu tatu.
Nayo haikukosa kazi: naanikia mashuka.

Basi nikajiambia, Mwanakombo, wewe ni mtu wa kukaa.
Wapo watu wa kukaa.
Dunia ingevaa nini kama wote tungekuwa wakimbiaji?

Ilikuwa Jumanne, umeme umekatika.
Nilimfuata mjukuu uwanjani, Keko, nyuma ya mafundi samani,
pale vumbi la mninga linapoingia mpaka kwenye chai.
Ukali nilikuwa nao mdomoni, tayari.
Nikawakuta wanacheza rede.
Si watoto. Kina mama.
Bupe, nesi mstaafu, kajifunga kibwebwe;
Nyamizi muuza mihogo, viatu kavua;
na mpira wa soksi kuukuu unapita kati yao
kama umbea.

Ukanipata begani.
"Umekufa!" Nyamizi akapiga kelele.
Nikasema, sijaingia, nitakufaje?
"Basi ingia, ufe vizuri."

Chupa iko katikati, tupu.
Unachota mchanga kwa kiganja, unajaza,
mbele mrushaji, nyuma mrushaji,
jicho moja mchangani, jicho moja mpirani.
Nikainama, nikapinda, nikaruka,
mwili ukakumbuka njia zake za miaka tisa
bila kuniomba ruhusa.
Chupa ikajaa hadi shingoni. Nikapigwa kisogoni.
Nikacheka mpaka nikakaa chini.
Mjukuu ndiye aliyenivuta mkono:
"Bibi, twende nyumbani, giza."

Huu ni mwaka na miezi sasa.
Sijawa mwembamba, asidanganywe mtu.
Masika uwanja ulifunikwa na maji wiki tatu,
nikawa nazunguka sebuleni
nakwepa makochi.
Goti likigoma nasimama pembeni, narusha,
na shabaha ninayo, muulizeni Bupe.
Tunagombana pia: umeguswa, sijaguswa.
Somoe alinuna siku nne kwa mpira mmoja.
Ya tano alitangulia yeye, chupa mkononi.

Juzi daktari, yuleyule, akainua kichwa.
"Imeshuka. Unafanya dakika ngapi?"
Nikafikiri. Dakika sikuwa nazo.
Nikamwambia: chupa mbili.
Nikiwa na bahati, tatu.
Akaandika kitu. Sijui alichoandika.

Leo Jumanne. Saa kumi na moja kasorobo.
Suruali ya mteja iko mezani,
mguu mmoja una upindo, mmoja bado.
Ataikuta hivyohivyo.