Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Kurasa mia na arobaini. Jedwali la tisa
lasema: mtaji haurudi.
Lushinge, mhariri wa picha, akapiga miayo.
"Mwalimu, sura hii ya nne haina sura."

Tukapanda Mabatini na kamera ya kuazima,
mawe juu, mabati chini,
hadi kibanda cha Nyanzobe,
ambaye kwangu, miaka miwili,
alikuwa namba kumi na saba.

Filamu moja tu alitengeneza. Aliuza cherehani,
akauza na friza ya sangara.
Sasa anaionyesha mwenyewe, kiingilio mia tatu,
wanafunzi nusu, mjamzito bure.

Tulimkuta akihesabu sarafu kwenye kifuniko cha ndoo.
Elfu nne na mia... akanyamaza.
Umeme ulikatika. Au hakutaka kumaliza.
Lushinge hakukata: sekunde kumi na moja za giza,
jenereta la jirani likikohoa.
Hiyo ndiyo sura ya nne, nzima.

Tulipomwonyesha, dakika tisa, ukutani kwake,
alicheka pale anapofunga kilemba.
Kisha akanigeukia:
"Na hii je, mmenilipa shilingi ngapi?"

Nikatazama viatu vyangu.
Lushinge alikwisha washa kinasa sauti.