Mizani ya Uvinza

Mara ya kwanza nilimpa karatasi.
Wodi ilikuwa imejaa, wawili wawili kitandani,
na daktari ameshasema, "Ntamulenga, nyumbani,"
kwa sauti ya mtu anayefungua dirisha.
Nikasoma upesi: kidonge kimoja asubuhi.
Punguza chumvi. Rudi baada ya mwezi.
Sahihi, muhuri. Akaipokea kwa mikono miwili.

Sikuuliza kwao wapi.

Siku ya kumi na moja wakamshusha tena
kutoka nyuma ya kirikuu, amekaa wima,
maana akilala anazama nchi kavu.
Miguu imeumuka kama unga wa maandazi;
nikibonyeza, kidole kinaacha shimo
na shimo halina haraka ya kujifukia.
"Dawa hukunywa?" Nilikaripia kidogo, nakiri.
Akatoa karatasi yangu, imekunjwa mara nane,
safi kama ilivyotoka.
Mkewe hasomi, mwanawe yuko Kaliua kwenye tumbaku,
na mwandiko wenyewe, hata mimi nilisita.
Vidonge vilikwisha siku ya saba.
Dukani walimpa vingine, navyo vyeupe.

Zamu kwa zamu tunakabidhiana mikasi,
tunaihesabu, tunasaini.
Mtu tunamkabidhi geti.

Usiku, wodi ilipotulia, nikavuta kigoda.
"Baba, kazi yako nini?"
Akacheka hadi akakohoa.
"Napika chumvi, Sista. Uvinza, tangu ujana.
Maji ya kisima yanachemka, yanakauka,
kinachobaki ndicho ada ya shule.
Iko kwenye kope, iko kwenye kandambili,
mshahara ukichelewa tunapewa kwa kilo.
Wewe ukaniandikia nipunguze.
Nikasema labda hospitali nayo ina utani wake."

Safari hii kumruhusu kulichukua siku mbili.
Nyamwiza alikuja na basi, kapu kichwani,
migebuka mikavu, imegandiwa chumvi hadi machoni.
Nikamuuliza anapikaje, si apikeje.
Tukaafikiana: ilowekwe usiku kucha,
maji ya kwanza yamwagwe, na ya pili,
ndimu ifanye kazi iliyobaki.
Kwenye boksi la dawa nikachora jua,
jua baya, kama kaa mwenye miguu mingi.
"Sasa nifundishe mimi," nikamwambia.
Akanifundisha. Alikosea pamoja. Tukarudia.

Nikampigia Editruda wa kituo cha afya:
"Anashuka Jumatano na basi la asubuhi.
Akishuka, ni wako. Akikosekana, nipigie."

Likabaki la uzito. Apimwe kila siku, wapi?
Ntamulenga akanitazama kwa huruma.
"Sista, kwetu tutakosa mizani?"

Basi kila alfajiri, kabla ya uji,
anapanda pale yanapopimwa magunia,
amevua kandambili, anashikilia pumzi,
na msimamizi anaandika kwa mkaa ukutani:
sitini na moja.
Sitini na moja.
Sitini na mbili, jana palikuwa na harusi.

Siku ya tisa ukaja ujumbe:
"Gunia limeongezeka kilo tatu."
Nilisoma nimesimama, bomba la sindano mkononi.
Editruda alimwona mchana uleule,
daktari akaongeza dawa kwa simu,
na kirikuu haikuwashwa.

Moyo wake haujapona, hautapona.
Umetanuka kama mfuko uliobebeshwa mno.
Ipo siku atarudi, na nitampokea.
Vocha ninanunua kwa pesa yangu,
na mwenzangu wa zamu ananiuliza
nitawapigia wangapi.
Sina jibu. Nina namba ya ukutani.

Leo kitanda namba tisa kina mama wa Kalya.
Faili liko tayari, muhuri umekauka,
daktari ameshafungua dirisha lake.
Nami nimevuta kigoda.
Nauliza boti ya kwao inaondoka siku gani,
na gatini nani atakuwa amesimama.