Komeo

Baridi ya Julai. Ghorofa ya pili, juu ya duka la sare za shule,
milango mitatu ya chuma kabla hujanifikia.
Syombua ameleta bunduki ya marehemu babake,
na askari wa kuisindikiza,
na barua ya mahakama yenye swali moja:
thamani yake ni ngapi?

Naiweka mezani juu ya blanketi.
Kwanza natazama chemba. Haina risasi. Natazama tena.
Bwana Panesar, aliyenifunza kazi hii, alikuwa akisema
aliyetazama mara moja hajatazama.

Haya basi. Bunduki ya komeo, ya kuwindia,
ya bei ya chini tangu kuzaliwa.
Kitako ni mti mweupe uliopakwa rangi
ili ufanane na mti wa wenye pesa,
kama bwana harusi ndani ya suti ya kuazima.
Kinga ya kifyatulio ni plastiki.
Nambari zimepigwa kwa haraka, nane imelala ubavu.
Kiwanda kilibana senti kila palipobanika,
isipokuwa kwenye mtutu. Hapo, sijui kwa nini, mkono ulilegea.
Wasemao rahisi huvunja upishi
hawajauchungulia mtutu huu.

"Aliua nyati nayo," Syombua asema.
"Kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Mmoja tu."
Anafunga zipu ya koti.
"Pembe zake zilikuwa zikirefuka kila Krismasi."

Namulika ndani kwa tochi.
Mifuo inajizungusha, safi, mikali,
kama maji yanayoteremka tundu la sinki.
Risasi ishirini zimepita humu. Labda kumi na tano.
Lakini kirungu cha komeo!
Weusi wote umelika, chuma kimebaki uchi,
kinang'aa kama shilingi iliyokaa mfukoni na funguo.
Mtutu ni wa mwaka mmoja,
mkono ni wa miaka arobaini.
Namulika tena. Nyati hayumo.

Jambo hili fomu haina mstari wake.
Fomu inauliza hali, umri, kasoro, bei,
na nchi yenyewe haiwindi tangu sabini na saba,
kwa hiyo napima jembe katika mji wa lami.
Atakayeinunua atakuwa mtu wa ng'ombe, mwenye chui jirani,
au mlenga shabaha wa Jumamosi,
na yeyote awaye atagongagonga hiyo plastiki kwa ukucha
akitaka nimpunguzie.
Naandika elfu thelathini na nane.
Nafuta nane, naweka tano.
Nachungulia mtutu mara ya tatu, narudisha nane.

"Ilitunzwa," namwambia.
Ni kweli. Ni nusu.

Anacheka puani. "Sema tu. Hakuua kitu."
Nanyamaza. Tochi bado inawaka mkononi mwangu bila kazi.
"Naweza kuigusa?"

Askari yuko dirishani, anahesabu pikipiki.
Nazungusha blanketi taratibu
mpaka kirungu kikaelekea upande wake.

Anainua. Anavuta. Anasukuma, anashusha.
Kla-klak.

Anabaki vilevile, kiganja juu ya chuma.
"Buruburu tulilala chumba kimoja, watoto wanne.
Taa ikishazimwa, kila usiku, tulisikia hiyo
kutoka chumba cha pili.
Tulijua ni mlango.
Kitonga mdogo alikuwa hafumbi macho
mpaka baba afunge komeo."

Askari amefika pikipiki ngapi, sijui.
Kalamu yangu iko kwenye safu ya kasoro,
nilikokwisha kuandika: komeo limelika sana.

Nakata "sana".
Kisha, kwa kuwa fomu ni ya mahakama
na haitakiwi kuwa na mikato,
natoa nyingine, naanza upya.